Mguu wa Itongwa

Kadutu, Bukavu
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu,

Nakusalimu kwa mikono yote miwili. Mgongo wako unaendeleaje? Ile dawa ya kupaka niliyokutumia kwa ndege iliyopita ilikufikia, au ilibaki mifukoni mwa watu pale uwanjani? Na Bibi, bado anakohoa asubuhi? Mwambie aache kulala karibu na moshi, ingawa najua hatasikia, maana hajamsikia mtu tangu nikiwa mgongoni kwake. Sisi huku tuko hai. Mvua imeanza, vijia vya Kadutu vimekuwa utelezi mtupu, na watu wazima wenye suti wanateremka kwa makalio.

Najua unachongoja, kwa hiyo nakitanguliza: mdogo wangu Itongwa yuko hai, na mguu wake ungali mwilini mwake. Mwalimu Kitoga, wewe unayemsomea mama, rudia hapo mara ya pili ili alie vizuri, halafu anyamaze, maana yanayofuata si ya kumbembeleza. Na tafadhali, Mwalimu, usiruke mstari kwa sababu ya heshima. Nakujua. Barua yangu ya mwisho uliifupisha kama mahubiri ya siku ya mvua.

Mama, nimekuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji kwa miaka tisa, na wajinga nimewaona wa kila namna. Lakini wajinga wa ukoo wetu wanastahili viti vya mbele, na mimi mwenyewe nimo, utaniona nimekaa hapo hapo katikati yao.

Tuanze na yule anayejiita dokta kule machimboni, mwenye sanduku la dawa na koti jeupe lisilojua sabuni. Itongwa alipotoka shimoni na homa, alimwambia ni tifoide. Hapo alipatia, hata saa mbovu husema kweli mara mbili kwa siku. Kisha akampa vidonge vya siku tatu. Homa ikapungua, Itongwa akarudi kuchimba, dokta akapata sifa. Wadudu hawakufa, Mama. Walizunguka katika damu, wakajibanza kwenye ukuta wa ule mshipa mkubwa wa paja unaopeleka damu mguuni, wakaanza kuula. Ukuta ukiliwa hulegea, na damu haiachi kusukuma, basi mahali pale hututumka kama mpira wa ndani wa baiskeli pale tairi lilipochanika. Huo ndio ulikuwa uvimbe wenu. Ndiyo sababu ulikuwa unapiga.

Mlipopanda kilima cha mtandao mkanipigia simu, mliniambia ana jipu la paja. Nikasema mkande kwa kitambaa cha maji ya moto. Sikuuliza kama linapiga. Swali moja tu! Mwanafunzi angeliacha swali hilo mbele yangu, ningemtoa darasani. Ndiyo hivyo, kiti changu nimekionyesha.

Halafu akaja Tonton Mulonda. Marehemu Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na nadhani yale aliyoyabakiza yote alimwachia mdogo wake huyu. Aliweka kiganja kwenye paja la Itongwa, akasikia mdundo, akatangaza mbele ya ukoo mzima kwamba kijana amekanyaga dawa. Na aliyeitega ni nani? Mama Mudogo Wabiwa, mke wa pili wa Baba, kwa sababu alionekana asubuhi akifagia mlangoni kwa Itongwa. Kwani hamkujua kwa nini alifagia? Mke wa Itongwa alikuwa na siku nne tangu ajifungue, hawezi hata kuinama. Katika kijiji kizima mtu mmoja alishika ufagio kumsaidia mzazi, na ufagio huo ukawa ushahidi wake.

Mkamleta mfumu, yule mganga wenu, akamchanja Itongwa chale kumi na mbili kwa wembe, juu ya uvimbe wenyewe, akasugua majivu. Nimezihesabu mimi. Wembe ungezama kidogo tu zaidi, Mama, mngemzika siku ile ile, na mfumu angesema dawa ya Wabiwa ilikuwa kali. Mabati ya nyumba ya Mama Mudogo yakang'olewa. Akatoka na kitenge kimoja na sufuria moja. Niliambiwa yote kwa simu, nami nikajibu, "Hayo ni mambo ya wakubwa." Maneno yangu hayo hayo. Tangu wakati ule kila nikiyakumbuka natamani kujitemea mate.

Tonton alipoona homa haishuki na mguu unakonda, akasema atamleta Bukavu. Nikafurahi. Nikamwandalia kitanda. Kumbe aliposhuka kwenye ndege alimpeleka kwenye chumba cha maombi hapa hapa Kadutu, juu ya soko, mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu. Siku tatu! Nilijua siku ya tatu, tena kwa kuambiwa na mwanamke anayeniuzia nyanya.

Nilikuta watu kama ishirini wamempangia foleni. Ndiyo, foleni. Pasta, kijana wa viatu vyenye ncha, alikuwa anawaita mmoja mmoja waje waweke mkono kwenye paja la mdogo wangu waone muujiza.

"Munasikia?" anapaza sauti. "Pepo iko inapiga ngoma! Iko inajua siku yake imefika!"

Na watu wanasema amina. Kila mkono unafinya. Itongwa amelala kwenye mkeka, midomo imekauka, anatetemeka, na Tonton Mulonda ameketi kwenye kiti cha plastiki akitikisa kichwa kama mwenye duka.

Nilichukua mkono wa kushoto wa pasta nikauweka juu ya uvimbe, pole pole. Nikachukua ule wa kulia nikauweka kwenye kifundo cha mkono wa Itongwa.

"Pasta, inapiga pamoja ao hapana?"

Akasikiliza. "Iko pamoja."

"Basi hiyo haiko pepo. Hiyo iko roho yake mwenyewe, moyo yake, na damu yake. Pepo gani inapiga pamoja na roho ya mutu?"

Akafikiri. Naapa, alifikiri. Kisha akasema, "Maman, shetani iko mwerevu sana."

Sikubishana. Mtu akifika hapo, maneno ni hasara. Niliita vijana wawili wa soko, tukamtoa Itongwa kwa mkeka ule ule, wao wakinesa kwenye matope na mimi nimeshika paja lisigongwe, hadi barabarani. Tonton alikuja nyuma akilalamika kwamba nimemvunjia heshima. Nilikuwa nimeivunja kweli, na sikurudi kuokota vipande.

Hospitali walimpiga ekografi. Dokta wetu mpasuaji, mzee asiyecheka, alitazama ile picha, akatazama chale.

"Nani alikata hapa?"

"Ni ba kule nyumbani, Dokta."

"Hii haiko jipu. Mushipa iko inaoza. Ikipasuka hapa ku kitanda, hata dakika tano hatuna." Kisha akaniuliza mimi, taratibu, kama ni kweli kwamba tuliukanda kwa maji ya moto. Nikasema ndiyo. Hakuuliza nani alishauri. Nadhani alijua.

Kazi yenyewe alitueleza hivi. Kwanza dawa ya kuua wadudu, ipite moja kwa moja katika mshipa wa mkono, siku kadhaa, ili homa itulie. Kisha atafungua paja, abane mshipa juu na chini ya mahali palipooza, aondoe kipande chote kibovu pamoja na usaha wake, asafishe mpaka nyama nyekundu. Halafu achukue mshipa mwembamba kutoka mguu ule mzima, aushone upite pembeni, penye nyama safi, upeleke damu chini. Bomba la plastiki alilikataa, alisema wadudu wangehamia humo siku hiyo hiyo. Na kama damu haitafika kwenye vidole, atakata mguu juu ya goti. Itongwa alisikia hilo. Aliuliza kitu kimoja tu, kama mtu wa mguu mmoja anaweza kuteremka shimoni. Dokta akasema hapana.

Kisha Dokta akataka mifuko mitatu ya damu kabla ya kushika kisu. Hapa, kama unavyojua, mgonjwa hutafutiwa damu na ndugu zake. Nikafikiri hilo ni jambo jepesi. Je, si tuna ukoo? Si ukoo huu uliojaa uani kwetu siku ya kumtafuta mchawi, mpaka wengine wakakosa pa kukaa?

Tonton Mulonda alisema, "Mimi niko na tension." Tension hiyo, yaani presha ya damu, haikumzuia kung'oa mabati akiwa juu ya paa. Mtoto wa shangazi, yule fundi wa redio anayeishi hapa mjini, alisema hawezi kwa kuwa amekunywa dawa ya minyoo. Nilipomuuliza amekunywa lini, akasema atakunywa kesho. Mwingine, simtaji kwa ajili ya mama yake, aliniambia damu yake ni ya moto sana, ingemchoma mgonjwa. Pasta alituma ujumbe kwamba kanisa linaomba. Nashukuru, lakini maombi hayana kundi la damu.

Mfuko wa kwanza ni wangu. Wa pili alitoa Papa Bahati, anayesukuma vitanda hapo hospitalini, mtu asiyejua hata kwetu Shabunda ni upande gani. Alivuta mkono wa shati tu, akasema, "Weka sindano, maman, niko na kazi." Wa tatu ukakosekana. Jumatano ukakosekana, Alhamisi ukakosekana. Ijumaa asubuhi chale mbili za mfumu zilianza kutoa damu nyekundu mbichi, na Dokta akasema huko ndiko mshipa unakobisha hodi.

Nilikuwa kwenye korido nalia, sikufichi, nilipomwona mwanamke mlangoni, mikono myeusi ya makala hadi kwenye viwiko. Anauza makala sokoni. Nilipomtambua, nikajua kitenge kile kimoja ndicho alichotoka nacho.

"Mwamini," akasema Mama Mudogo Wabiwa, ambaye sikujua kwamba kufukuzwa kulimleta Bukavu, "batu ku soko banacheka tonton yako, banasema anakimbia sindano. Njo nikajua munatafuta damu. Yangu mutaikubali?"

Hakuuliza nani alisema nini juu yake. Alitafuta bomba, akanawa mikono mara tatu, ili asichafue shuka za hospitali.

Sasa sikiliza, Mama, na hapa ndipo ninapojidharau kuliko ninavyomdharau Tonton. Maabara walimpima, wakasema damu ni safi, kundi lake ni lile ambalo kila mtu anaweza kupewa. Nami nikasimama na karatasi ile mkononi nikafikiri: na kama ni kweli wanayomsema? Mimi! Mwenye diploma ukutani! Nikamwambia mwenzangu wa maabara apime tena.

"Unatafuta nini?" akaniuliza.

Nilichokuwa natafuta hakina mashine. Alipima tena ili aniridhishe. Muda wote huo mdogo wangu anavuja, na Mama Mudogo amekaa kwenye benchi ananingoja. Alijua kwa nini nimesimama. Watu waliofukuzwa hujua haraka. Aliponyoosha mkono hatimaye, alitazama ukutani ili mimi nisione haya.

Tonton alifika wakati Itongwa anasukumwa kwenda kwenye upasuaji. Aliona mfuko, akaambiwa ni wa nani, akasimama mbele ya kitanda.

"Hiyo damu haiwezi kuingia! Ikiingia, huyu anakuwa mutoto yake!"

Itongwa alikuwa hana nguvu ya kuinua kichwa. Alifungua jicho moja.

"Tonton," akasema, "leta yako basi."

Tonton akatazama viatu vyake. Ni viatu vizuri, Mama, vilistahili kutazamwa. Papa Bahati akasema "pardon, papa," akampita na kitanda.

Dokta alinikataza kushika chombo chochote kwa kuwa mgonjwa ni damu yangu, akaniacha nisimame ukutani. Nilidhani nimezoea. Alipofungua, usaha ulitoka, na damu iliyoganda vipande vipande, na harufu ile siwezi kuieleza barua ikiwa inasomwa mbele za watu. Kipande cha mshipa alichokitoa kilikuwa kimelegea kama kitambaa kilichooza. Mfuko wangu uliisha. Wa Papa Bahati ukaisha. Msukumo wa damu ukashuka, na wakatundika wa Mama Mudogo. Nilitazama tone la kwanza mpaka la mwisho. Nilijua pale kwamba bila mfuko ule angekufa juu ya meza, na si kwa uchawi wa mtu, kwa tension ya Tonton Mulonda.

Walipomaliza kushona ule mshipa wa kuazima, Dokta akafungua vibano. Mguu ulikuwa mweupe, kama si wa mtu. Akaweka vidole viwili juu ya unyayo, akafumba macho. Tukangoja. Msumeno wa kukatia mfupa ulikuwa kwenye meza ndogo, umefunikwa kitambaa, na wote tulikuwa tunajua upo.

"Kuya ushike," akaniambia.

Nikaweka vidole vyangu pale pale. Unapiga, Mama. Mdogo mdogo, lakini unapiga, na kidole gumba kinaanza kupata joto. Ni mdundo ule ule ambao pasta aliufukuza siku tatu. Namshukuru Mungu hakufaulu.

Leo ni siku ya tisa. Homa imekwisha. Dawa ya mshipani ataendelea nayo wiki sita, na safari hii hakuna wa kumwambia siku tatu zinatosha. Jana alisimama, akashika ukuta, akaenda hatua nne, akanitukana kwa maumivu, nikafurahi. Anayemlinda ni Mama Mudogo. Anauza makala asubuhi, mchana anakuja na sombe na ugali, usiku analala kwenye mkeka chini ya kitanda chake. Tonton ameondoka kwa ndege ya Alhamisi. Atakuwa amefika kabla ya barua hii, na atakuwa amekwambia maombi ndiyo yaliyomponya. Mwache amalize, halafu umuulize mfuko wake wa damu ni upi kati ya ile mitatu.

Na sasa ni zamu yako, Mama. Wewe ndiwe uliyenibeba, sina mdomo wa kukukemea, na sikukemei. Lakini Tonton alipokuwa bado anajisifu alinieleza mabati ya Mama Mudogo yako wapi. Yako juu ya jiko lako. Mvua imeanza huku, nadhani imeanza na huko, na wewe unapika mahali pakavu. Itongwa anajua. Nimeandika maneno yake alivyoyatamka: "Umuambie mama, siku nitashuka ku ndege, nitaenda kwanza kulala kwa Mama Mudogo. Kama nyumba haina mabati, nitalala na mvua, na mama atakuja kuniamusha." Unamjua mwanao. Atafanya.

Msalimie Bibi, mwambie namtafutia sweta. Msalimie mke wa Itongwa, na mtoto, mwambie baba yake anauliza kila siku kama meno yameota, ingawa nimemweleza bado ni mapema mno. Msalimie shangazi mwenye mwana wa dawa ya minyoo. Mwalimu Kitoga, asante kwa sauti yako, na kama umeruka mahali, rudi.

Neno moja limebaki, nalo si langu. Nilimwambia Mama Mudogo kwamba leo ninaandika nyumbani, nikamuuliza ana ujumbe gani kwako. Nilikuwa tayari kwa lolote. Hata matusi ningeyaandika, na kwa mwandiko mzuri. Alifikiri, huku akimpangusa Itongwa miguu yote miwili, kisha akasema siku aliyofukuzwa alikuwa ameloweka muhogo kule mtoni, ulikuwa na siku mbili majini. Anaomba kujua kama kuna mtu aliyeutoa.

Nikamwambia nitakuuliza wewe. Wewe hupita pale kila asubuhi kuteka maji.

Binti yako,
Mwamini